Yuniti Mpya Katika Honi ya Zamani

Mama mkwe wangu ana sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nasema hivyo kwa upendo, lakini nasema pia kwa sababu nimeishi na sauti hiyo nyumba moja tangu niolewe hapa Juba, na sijawahi kuhitaji kengele ya simu kuniamsha. Anaamka, anasafisha koo, anaita kuku, anaita jirani, ananiita mimi, wote kwa ukali ule ule, na wote tunaitika.

Sauti hiyo ndiyo kazi yake. Katika kanisa letu, pale Atlabara, yeye ndiye mkalimani. Mchungaji anahubiri kwa Kiingereza, akikolea anaingia Kiswahili cha Uganda alikosomea, na mama anageuza yote kuwa Kiarabu cha Juba, kwa ajili ya wale ambao hawakutoka mjini wakati wa vita na wale waliokulia Khartoum. Kwenye makanisa mengine mkalimani husimama ubavuni mwa mhubiri. Kwetu sivyo. Kwetu anakaa katikati ya watu, kwenye kiti chake cha mbao, pale kwenye njia inayotenga upande wa wanaume na upande wa wanawake, na anarusha sauti bila kipaza. Desturi hiyo wazee wa kanisa waliitoa kwenye kambi ya wakimbizi Uganda. Huko walikuwa na kipaza sauti kimoja tu, kikabaki mbele na mhubiri, na mama akapelekwa katikati ili afikie pande zote. Waliporudi nyumbani walirudi na mpango wao vile vile. Siku hizi vipaza vipo tele, lakini ukimpa mama kimoja anakuuliza kwani ameanza kuumwa kifua.

Mimi ni Mkenya, wa Nakuru. Nilikuja kufanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, nikiwa na nia ya kukaa kidogo, nipate chochote, nirudi zangu. Siku moja akaja kijana mmoja mrefu kudai amplifaya yake iliyokwama kwenye ghala letu. Alinifokea, nikamfokea. Kesho yake akaja tena na soda baridi mkononi. Basi ndiyo hivyo, Nakuru nakwenda Krismasi tu, na si kila Krismasi.

Mume wangu ni fundi wa sauti. Anakodisha spika kwa harusi na mikutano ya hoteli za mtaa wa Amarat, na mkate wetu unatoka huko. Lakini roho yake iko kwenye honi mbili za kanisa, zilizofungwa juu kule mbele, moja kila upande. Sizungumzii vile vikopo vya kijivu vinavyofungwa juu ya gari la matangazo. Hizi ni honi za mbao na bati nene, mdomo mpana kiasi kwamba mbuzi anaweza kulala ndani, na zilitoka kwenye jumba la sinema lililofungwa zamani huko Uganda. Wazee wa kanisa walizichukua wakiwa wakimbizi, wakahubiriwa kwazo miaka yote ya ukimbizi, na walipopakia lori la kurudi nyumbani kulikuwa na watu walioacha vitanda ili honi zipate nafasi. Mume wangu alikuwa juu ya lori hilo. Anasema alisafiri amekaa ndani ya honi ya kulia, na kwa jinsi anavyoipenda, namwamini.

Nyuma ya kila honi kuna chuma cha duara, kizito, ukubwa wa sufuria ya kupikia wali wa watu wachache. Mafundi hapa wanakiita yuniti. Ndani yake kuna sumaku kubwa, na mbele ya sumaku kiwambo chembamba cha aluminiamu, chepesi kuliko karatasi ya peremende, kilichoshikamana na koili ya waya. Kiwambo kinatetema, upepo unabanwa kwenye tundu dogo, kisha unaachiwa kupitia honi, na kile kilichokuwa mtetemo wa kusikitisha kinatoka kikiwa sauti ya mtu mzima. Nimeelezwa haya wakati wa kula, wakati wa kufua, na mara moja nikiwa na uchungu wa kujifungua. Ningefanya mtihani ningepita.

Na mimi, ambaye sina mapenzi na vyuma, nakiri honi hizo zina kitu. Spika za kisasa zinapiga kelele. Honi zinasema. Mchungaji akinong'ona mbele kule, unajisikia kama amekuinamia wewe peke yako, na mvua ikiwa inapiga mabati na jenereta ikinguruma nje, bado kila neno linafika na mifupa yake.

Sasa, kwenye harusi moja, DJ aliyeazima mitambo bila ruhusa ya mume wangu alifungulia besi mpaka mwisho. Honi ya kushoto ikakohoa, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Mume wangu alipoifungua, kiwambo kilikuwa kimechanika na koili imekuwa mkaa. Sitarudia alichosema kuhusu DJ huyo, maana kilisemwa ndani ya uzio wa kanisa.

Kukaitishwa kikao. Vijana walitaka honi zote zitolewe, zinunuliwe spika za plastiki zenye taa zinazobadilika rangi. Mwenyekiti wa vijana alikuwa na picha kwenye simu, akaizungusha, na nakuambia hata akina mama wengine walianza kulainika kwa zile taa. Mume wangu akasimama. Akasema kuna karakana moja ndogo ng'ambo, ya watu wachache, ambao kazi yao ni kutengeneza upya yuniti za sinema za zamani. Wanachukua yuniti ya kale, wanaifungua, wanapima kila kipande, wanamimina sumaku ya mchanganyiko ule ule, wanakandamiza kiwambo kwenye umbo lile lile, mpaka wanapata pacha wake. Kuna watu duniani, akasema, wanaotaka sauti ile na hawataki nyingine.

"Yaani," nikauliza, maana sikuweza kujizuia, "wanatengeneza kitu kipya kwa bidii ili kiwe cha zamani?"

"Eeh."

"Na hawana wazimu?"

Watu wakacheka. Mama mkwe akaniangalia kutoka kwenye kiti chake. "Wewe mtoto ya Kenya," akasema, "hata chapati unapika leo inakuwa kama ya bibi yako. Wewe iko wazimu?" Kikao kikaishia hapo. Mama akisema, kanisa limesema. Mchango ukapita, yuniti ikaagizwa.

Ilikuja kwa ndege, na bila shaka ilikuja mikononi mwangu. Sumaku kwenye ndege si jambo la mchezo, inaweza kuichanganya dira ya rubani, kwa hiyo kasha lilikuwa limefungwa ndani ya bati, ndani ya povu, ndani ya mbao, na karatasi za onyo kila upande. Mwenzangu wa ghala aliliinua akaguna, akaniuliza kama tumeagiza injini. Nikamwambia ni sikio la Mungu. Akafanya ishara ya msalaba, nikaona nimetia chumvi sana, nikamwambia ukweli. Alitaka kuiona, na kusema kweli hata mimi nilitaka. Tulipofungua, pini zote za mezani zilihama zikaenda kujibandika kwenye kile chuma. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, kinanuka rangi mbichi, na nyuma kimechongwa mistari ile ile niliyozoea kuiona kwenye kile cha zamani, hadi skrubu za kichwa kipana ambazo hakuna tena dukani. Nilikipapasa. Nikasema moyoni, hawa watu wa karakana wana kichaa kizuri.

Jumamosi alasiri tukaenda kuifunga, mimi na mume wangu tu. Alikuwa na furaha ya kuudhi, anaimba ovyo, anapanda ngazi, anashuka, anasahau tena bisibisi. Akaamua kwa kuwa anaweka yuniti mpya basi na nyaya zote ziwe mpya. Kwenye honi ya kulia, ile nzima, akakuta waya mwekundu umefungwa kwenye skrubu nyeusi na mweusi kwenye nyekundu.

"Ona hawa mafundi wa kambini," akasema kutoka juu, akitikisa kichwa. "Kufunga tu nyaya, wameshindwa."

Akazirekebisha. Mwekundu kwa nyekundu, mweusi kwa nyeusi, kote kote, safi. Kisha akaweka wimbo, akaongea kwenye kipaza, akaniambia nisikilize. Mimi nikaenda kusimama upande wa wanawake. Yeye akaenda upande wa wanaume. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo, kanisa lilikuwa tupu, tungeweza kusimama popote hata juu ya mabenchi. Lakini ukishazoea upande wako, miguu inakupeleka yenyewe.

"Huko vipi?" akaita.

"Tamu!" nikajibu. "Huko?"

"Tamu sana!"

Na ilikuwa tamu kweli. Honi ya kushoto ilikuwa imerudi na sauti yake, ile ile, labda imeng'aa kidogo zaidi, kama mtu aliyetoka kuoga. Mume wangu alifuta macho akasingizia vumbi. Tulinunua samaki wa kukaanga njiani, tukala nyumbani na mama, tukacheka hadi mbavu zikauma. Ilikuwa moja ya Jumamosi nzuri kabisa nilizowahi kuwa nazo Juba.

Jumapili mama alishindwa.

Mchungaji alianza, na mama akaanza naye vizuri, kwa salamu na zaburi ambazo hata angeota angezisema. Halafu mahubiri yakaingia. Nikamwona anainamisha kichwa. Akageuza shingo. Mchungaji akamaliza sentensi yake, akasubiri, na pale katikati kukawa kimya. Mama akasema kitu kifupi, nusu nusu. Mchungaji akaendelea, akasubiri tena. Mama akakunja uso, akauliza kwa Kiswahili, "Anasema nini?" Kijana mmoja wa benchi la pembeni akamwambia. Ikawa hivyo mpaka mwisho, mama anaokoteza maneno kwa watu, na watu wanatazama chini kwa heshima.

Nje, kila mtu alimpongeza mume wangu. Wanaume walisema yuniti mpya ni moto. Wanawake walisema wamesikia hadi mchungaji akimeza mate. Mama alisimama pembeni akisubiri twende, hajasalimia mtu.

Jumapili iliyofuata ikawa vile vile, na mbaya kidogo, maana sasa aliingia akiwa na woga. Sikuwahi kumwona na woga. Tulipofika nyumbani akaketi chini ya rakuba, kile kivuli chetu cha nyasi mbele ya jiko, akavua viatu, akasema kwa utulivu kwamba masikio yake yamekwisha.

"Mama, ni uchovu," nikamwambia.

"Si uchovu. Kila mtu anasikia, mimi peke yangu hapana. Hiyo ni masikio." Akapangusa magoti yake. "Nimekwisha kusema na mchungaji. Mwalimu yule wa shule atashika. Anajua Kiarabu, anajua Kiingereza, iko kijana."

Mume wangu akataka kumpeleka hospitali. Akakataa katakata. Akasema daktari hawezi kumpa masikio ya mtu mwingine. Kisha akasema jambo ambalo hadi leo sijalisahau. Akasema kambini hakuwa na shamba, hakuwa na duka, mume alikuwa amekufa, lakini kila Jumapili watu walikuwa wakilipata Neno kupitia mdomo wake, na hilo lilimfanya awe mtu.

"Sasa nitafanya nini?" akauliza, si kwa kulia, kwa kuuliza tu. "Nitakaa hapa kula ugali yenu?"

Mimi nina mdomo, watu wote wanajua, lakini siku hiyo nilikwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Wiki ile nyumba ilikuwa na ukimya ambao sikuutaka. Hakuita kuku. Aliwafuata kimya kimya akiwatupia mtama. Mume wangu alikosa hata hamu ya kuzungumzia sumaku, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Siku moja mchana nilikuwa napika maharagwe, mume wangu amekuja kula. Nikaonja, chumvi imezidi. Mama alikuwa nje kabisa, ng'ambo ya ua, anachambua mboga, na jenereta ya jirani inanguruma. Nikamnong'oneza mume wangu sikioni, "Chumvi imezidi, usimwambie mama."

"Nimesikia!" mama akaita kutoka nje. "Ongeza maji!"

Tulitazamana. Mume wangu akaanza kucheka. Mimi sikucheka. Nilisimama na mwiko mkononi, nikahisi hasira inapanda kutoka miguuni, ile hasira yangu nzuri ambayo huwa inafanya kazi.

"Masikio yamekwisha?" nikamwambia mume wangu. "Yapi? Haya?"

"Nyumbani ni karibu," mume wangu akasema. "Kanisani ni mbali."

"Nyumbani kuna jenereta ya jirani, na mimi nilikuwa nanong'ona ndani ya sikio lako, wewe mwanamume! Kuna kitu kanisani."

"Kanisani kila kitu kiko sawa. Wewe mwenyewe ulisikia. Tamu, ulisema."

Ni kweli nilisema. Lakini neno hilo lilinikera mchana kutwa nikiwa kazini, nikigonga mihuri kwenye mizigo ya watu. Nilisema tamu nikiwa wapi? Nilipotoka kazini sikwenda nyumbani. Nilipanda boda nikaenda kanisani, na nikakuta kwaya wanafanya mazoezi, mwalimu wao mbele na kipaza mkononi, anawagombeza sauti ya nne.

Nilipita moja kwa moja katikati, nikaketi kwenye kiti cha mama.

Kwaya ilinyamaza. Hakuna mtu anayeketi pale. Si sheria iliyoandikwa, lakini hata mtoto mchanga wa kanisa letu anajua. Mwalimu wa kwaya aliniangalia kana kwamba nimepanda juu ya madhabahu. "Endelea kuongea," nikamwambia. "Ongea tu. Gombeza."

Akaendelea. Na mimi, nikiwa na masikio yangu ya Nakuru yasiyo na ugonjwa wowote, sikuelewa kitu. Sauti ilikuwepo lakini haikuwa na mwili. Ilikuwa nyembamba, imetawanyika, huwezi kuonyesha kwa kidole inatoka wapi, mara iko kisogoni, mara haipo. Nikaegemea upande wa wanawake mpaka kiti kikainuka mguu mmoja, na sauti ikaja. Nikarudi katikati, ikaenda. Nikaegemea upande wa wanaume, ikaja. Kwaya sasa walikuwa wananitazama kwa huruma, nadhani walifikiri mimi na mama tumepatwa na jambo moja.

Nikampigia mume wangu. Alikuwa Amarat anafunga mitambo ya mkutano. "Njoo," nikasema. "Sielezi. Njoo uketi mahali."

Alikuja jasho linamtoka. Nikamkalisha. Mwalimu wa kwaya akaongea. Nilimtazama mume wangu usoni, na niliona jinsi uso unavyoweza kubadilika bila msuli hata mmoja kusogea. Akasimama. Akaketi tena. Akaenda upande wa wanaume, akarudi katikati, akaketi, akafumba macho.

"Haki ya Mungu," akasema. "Zinavutana."

Alifungua yuniti ya kulia hapo hapo juu ya ngazi, na akaelewa. Wazee walikuwa wakisimulia kwamba miaka mingi nyuma, huko Uganda, yuniti hiyo ya kulia iliwahi kuungua, na fundi wa Arua akaitia kiwambo alichokipata, ambacho koili yake ilikuwa imeunganishwa kinyume. Fundi yule alijua. Ndiyo sababu nje alifunga nyaya kinyume pia, ili kinyume mara mbili kiwe sawa. Mume wangu, kwa usafi wake, alizinyoosha. Na ile yuniti mpya kutoka ng'ambo haikuwa na kosa lolote, ilikuwa pacha kamili wa ile ya kwanza ilivyozaliwa. Kwa hiyo honi ya kushoto ilikuwa inasukuma upepo wakati ya kulia inauvuta. Ukikaa karibu na moja, huoni tatizo. Ukikaa katikati, umbali sawa kwa zote mbili, zinauana kabla hazijakufikia. Na kanisa zima lina mtu mmoja tu anayekaa katikati.

"Mimi ndiye nimemziba mama masikio," mume wangu akasema kutoka juu ya ngazi. Alikuwa karibu kulia.

"Shuka utasema hayo baadaye," nikamwambia. "Kwanza geuza nyaya."

Akageuza. Ilikuwa kazi fupi kuliko kuchemsha chai. Mwalimu wa kwaya akaongea, mimi nikiwa kitini, na sauti ikaja moja kwa moja usoni, nzima, na hasira yake yote kuhusu sauti ya nne. Nilipiga kigelegele peke yangu. Kwaya wakaitikia bila kujua ni cha nini.

Mama hakutuamini. Hilo sikulitegemea. Tulimweleza chini ya rakuba, mume wangu akachora hata mchoro mchangani, honi hii na honi hii, na mama akatazama mchoro kwa upole wa kutisha.

"Nyinyi ni watoto wazuri," akasema. "Mnanibembeleza."

"Mama, nimeketi kwenye kiti mwenyewe!"

"Wewe umeketi kwenye kiti yangu?"

"Nimeketi. Nisamehe. Na sikusikia kitu, kama wewe."

Akafikiri. Akatikisa kichwa. Akasema amekwisha kutoa neno kwa mchungaji, na mwalimu wa shule amekwisha kujitayarisha, na yeye si mtu wa kwenda mbele na kurudi nyuma mbele ya watu. Jumapili ataketi kwenye kiti, wamshukuru, wamwombee, halafu atahamia benchi la wanawake karibu na mimi. Mume wangu alimsihi aende Jumamosi ajaribu, kanisa likiwa tupu. Akakataa. Nilielewa baadaye kwamba aliogopa kujaribu, maana kama asingesikia, asingebaki hata na tumaini kidogo la kushikilia. Nilimkasirikia sana na nilimpenda sana, yote kwa pamoja, na nikaenda kulala na kichwa kinauma.

Jumapili akavaa kitenge chake kizuri cha bluu. Aliingia akiwa amenyooka, akaketi kitini, mkoba kwenye mapaja. Mwalimu wa shule akasimama nyuma yake, amevaa suti, anajipangusa paji la uso. Mimi nikaketi upande wangu, mahali ninapomwona vizuri, na nikagundua nimeshika mkono wa mwanamke nisiyemjua hata jina. Mume wangu alikuwa upande wa pili amesimama ukutani, hana hata nguvu za kuketi.

Mchungaji hakuanza na zaburi. Alishika kipaza, akasema kwa Kiingereza, pole pole, kwamba leo kanisa linamuaga mkalimani wake.

Mwalimu akafungua mdomo atafsiri. Mama akainua mkono. Haukuwa mkono wa kupunga, ulikuwa mkono wa kusimamisha gari. Mwalimu akafunga mdomo.

Mama alikuwa ameinua kichwa. Akatazama honi ya kushoto, akatazama honi ya kulia, akatazama mbele katikati ya hizo mbili ambako sauti ilikuwa inatoka. Kisha akatafsiri, kwa sauti yake ile ile ya kuita kuku, iliyofika hadi barabarani: mchungaji anasema leo mnaniaga.

Watu wakaitikia. Mchungaji, hajui kilichokuwa kikiendelea, akasema mama ametutumikia kambini na nyumbani. Mama akatafsiri, bila kuruka neno, tena akaongeza jina la kambi. Mchungaji akasema lakini sasa mwili umechoka, na masikio ya mama yetu yamechoka.

Hapo mama hakutafsiri. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta, sikuwa na aibu yoyote, na yule mwanamke nisiyemjua alikuwa analia pia kwa sababu mimi nalia.

"Mama de ma taban," mama akawaambia watu kwa Kiarabu cha Juba. Mama huyu hajachoka.

Kulitokea kicheko kidogo upande wa wanaume, halafu kikawa kikubwa, halafu vigelegele upande wetu. Mwalimu wa shule akaenda kuketi haraka sana, na kwa uso wake naapa ndiye aliyefurahi kuliko wote. Mchungaji alibaki amesimama na kipaza mkononi, anageuka huku na huku, anamuuliza mzee wa kanisa mama amesema nini, kuna nini, aendelee na kumuaga au asiendelee.

Mama akapanga vizuri kitenge chake magotini, akamwelekea, akamjibu kwa Kiswahili ili aelewe.

"Hubiri, mchungaji," akasema. "Mimi nasikia wewe."